Maswali mnayoniuliza sana kuhusu tafiti za afya ya akili kwa watu wa zimamoto, ambulensi na emajensi

Nilikaa kwenye gari la wagonjwa miaka tisa hapa Dar, siku hizi nafundisha huduma ya kwanza na uokoaji, na kila watafiti wakitia mguu kituo fulani na madodoso yao simu yangu inaanza kuita. Kaka hii fomu tujaze? Kuna dada kaja anauliza tunalalaje, anataka nini? Bosi ataona? Nimejibu kwa voisi noti mpaka sauti imekauka, sasa nayaweka yote hapa sehemu moja, mwenzako akiuliza mtumie. Mi sio daktari wa akili, hizi tafiti nimezisoma kwa sababu zinanihusu mimi na watu niliolala nao zamu.

Hizi tafiti zinatafuta nini hasa? Wanataka kujua nani kachizika?

Hapana jamani. Wanataka kujua kazi inamfanyia nini mtu anayeifanya. Wanaangalia kiwewe (ndio hiyo PTSD mnayoisikia), sonona, wasiwasi, usingizi, pombe, na ule uchovu wa kazi ambao hata ukilala siku mbili hautoki. Kiwewe kiliingia kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980 na msukumo mkubwa ulikuwa wanajeshi waliorudi kutoka Vietnam, sisi wa machela na mipira ya maji tulikuja kuangaliwa baadaye. Uchovu wa kazi nao ulipata kipimo chake 1981, maswali 22 ya mwanasaikolojia Christina Maslach na mwenzake, na bado kinatumika. Hapa kuna kitu nataka mkishike: Shirika la Afya Duniani kwenye orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022 limeuandika huo uchovu kama jambo linalotokana na kazi, halijauita ugonjwa. Yaani ukichoka hivyo swali la kwanza linaenda kwenye kazi inavyoendeshwa, kichwa chako kinafuata baadaye.

Halafu lile neno Mirembe, vile tunavyosema "huyu wa kupelekwa Mirembe" na watu wanacheka, naomba tuache. Ile ni hospitali, iko Dodoma tangu 1927, inatibu watu. Kila tukiifanya tusi kuna mwenzetu amekaa pale pale kwenye benchi anasikia, na alikuwa anataka kusema kitu, anaamua kunyamaza.

Mi sijaajiriwa popote, ni mvuvi, ni bodaboda, najitolea tu. Nahesabika?

Kwenye maisha ndio, kwenye tafiti nyingi hapana, na hili linaniuma. Mtafiti mara nyingi anaanzia kwenye orodha ya waajiriwa kwa sababu ndio rahisi kuipata, kwa hiyo asiye na kitambulisho cha kazi anapotea kabla hata hesabu haijaanza.

Chukua ile ajali ya ndege Bukoba, Novemba 6, 2022. Ndege ina watu 43, inaingia ziwani karibu kabisa na uwanja, wanaofika kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao, Majaliwa Jackson anapambana na mlango kwa kasia, watu 24 wanatoka hai na 19 wanafariki. Majaliwa nchi nzima ilimjua na serikali ikaagiza aingizwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Wale wengine waliokuwa kwenye mitumbwi pembeni yake wakarudi kuvua kwenye maji yale yale. Kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka vivyo hivyo, Septemba 20, 2018 karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, walifariki zaidi ya watu 220, na kabla wazamiaji hawajafika watu wa pale pale ndio walikuwa wanavuta wenzao majini, watu wanaowajua kwa majina. Nani amewauliza wanalalaje?

Kwa hiyo mtafiti akija kwenu na wewe ni kiongozi wa kituo, muulize mapema kabisa, hawa wa bodaboda wanaotuletea majeruhi kila siku mbona hawamo kwenye sampuli yenu? Inawezekana kuwaingiza. Australia walipofanya utafiti wao mkubwa waliwaingiza wa kujitolea na hata walioacha kazi.

Mi nimeshazoea, maiti kwangu kitu cha kawaida. Bado inanihusu?

Kuzoea kupo, na kuna watu wengi wamezoea kwa amani kabisa. Ila kuna kuzoea na kuna kufa ganzi, na kwa nje vinafanana.

Madaktari wanagawa dalili za kiwewe kwenye mafungu manne. Tukio linakurudia bila kuliita, iwe ndotoni au mchana umekaa. Unakwepa vitu vinavyokukumbusha. Mawazo na hisia zinabadilika, unajilaumu, hufurahii kitu, unajiona uko mbali na watu. Na mwili unakaa macho muda wote, mlango ukigongwa unaruka, hasira ziko karibu. Vikikaa zaidi ya mwezi na vinaharibu maisha ndio wanaanza kuzungumzia ugonjwa, wiki mbili za kwanza kutetereka baada ya kazi mbaya ni ubinadamu tu.

Mimi nililopata ni hilo la kukwepa, na nakuambia ukweli sikulijua. Nilimbeba mtoto Morogoro Road, darasa la pili au la tatu hivi, mguu mmoja una kiatu, mwingine una soksi tu, soksi nyeupe ya shule imeviringishwa chini vile watoto wanavyofanya. Ile siku nilimaliza shifti vizuri, nikala, nikalala. Baada ya miezi nikawa kila asubuhi binti yangu akianza kuvaa soksi mi natoka nje, namwambia mke wangu nawahi gari. Nilikuwa naamini kabisa nawahi gari. Ni mpaka nilipokutana na swali la kukwepa kwenye dodoso, nikakaa nalo nimeshika kalamu muda mrefu sana.

Takwimu zinasemaje? Wangapi wanapata?

Mwaka 2012 kuna watafiti walikusanya tafiti 28 kutoka sehemu mbalimbali za dunia, jumla waokoaji 20,424, wakapata kwamba kama mtu 1 kati ya 10 ana kiwewe, na watu wa ambulensi walikuwa juu kuliko zimamoto na polisi. 2018 wakatoka wengine wakaangalia ambulensi peke yake, tafiti 27, watu zaidi ya 30,000, kiwewe asilimia 11, sonona asilimia 15, wasiwasi asilimia 15. Mwaka huo huo Australia shirika la Beyond Blue likatoa ripoti ya watu 21,014 kutoka taasisi 33 za polisi, zimamoto, ambulensi na uokoaji, mtu 1 kati ya 3 alikuwa na msongo mkubwa au mkubwa sana, wakati kwa mtu mzima wa kawaida kule ni 1 kati ya 8.

Huku kwetu Afrika tafiti ni chache ila zipo. Afrika Kusini walichapisha ya kwao 2006, ya watu wa huduma za dharura, wakaona kukutana na matukio mazito kunaendana na dalili za kiwewe. Na Kenya, baada ya bomu la ubalozi wa Marekani Nairobi Agosti 7, 1998, lililoua watu 213 pale Nairobi, Dkt. Frank Njenga na wenzake waliwafikia Wakenya 2,883 ndani ya mwezi mmoja hadi mitatu, asilimia 35 walikuwa na dalili zinazokaribia vigezo vya kiwewe. Wale hawakuwa waokoaji wa kuajiriwa, walikuwa watu wa mji, lakini kumbukeni picha za siku ile, ni watu wa mji waliokuwa juu ya kifusi wanatoa mawe kwa mikono mitupu.

Sasa ukizisoma hizi namba jua kitu kimoja. Tafiti nyingi zinapiga picha siku moja, wanakuja kituoni wanawapima waliopo. Yule dereva aliyeacha funguo mezani akarudi kwao Singida hayumo. Aliyeko likizo ya ugonjwa hayumo. Marehemu hayumo. Kwa hiyo namba unayoiona mara nyingi ni ya wale waliobaki wamesimama, na mi nadhani ukweli uko juu kidogo ya hapo.

Na usisahau upande wa pili, 1 kati ya 10 maana yake tisa hawana. Sio kwamba ukiingia hii kazi lazima uharibike.

Si ni zile ajali kubwa ndio zinaharibu watu? Sisi kituo chetu hatujawahi kupata kubwa.

Hili swali ndio nimeandikia hizi kurasa zote, kwa hiyo nivumilie.

Na mi nilidhani hivyo. Nilidhani lori la mafuta lililolipuka Msamvu Morogoro, Agosti 10, 2019, likaua zaidi ya watu 100, ndio kitu cha kumvunja mtu. Au jengo lililoporomoka Kariakoo Novemba 2024, siku zile zote watu wanachimba na kusikiliza kama chini kuna sauti. Zinavunja, sikatai. Lakini ile ripoti ya Australia ilisema kitu kilichonisimamisha, kwamba uendeshaji mbovu wa kazi na tabia mbaya za kazini zinaumiza sawasawa na matukio yenyewe. Sawasawa! Yaani bosi wako anaweza kukuumiza kiasi kile kile cha maiti.

Fikiria siku ya kawaida tu. Umeingia saa moja jioni, hujalipwa ovataimu ya mwezi juzi. Simu inaita, mnatoka, foleni haisogei, king'ora kinalia na watu hawapishi. Mnafika mmechelewa na wananchi wanawatukana, wenzetu wa zimamoto ndio wanajua zaidi, gari halijasimama vizuri tayari kuna mtu kashika jiwe anapiga kelele mmekuja na gari halina maji, hata kama maji yamo. Unambeba mgonjwa, hospitali ya kwanza hakuna kitanda, ya pili wanakuambia subiri. Na mgonjwa yuko nyuma anakuangalia.

Kuna usiku mmoja nilikuwa na mzee, kifua, yuko kwenye oksijeni, na mtungi tuliopewa haukuwa umejaa, tuliomba siku mbili kabla ubadilishwe. Tuko kwenye foleni mi naangalia mshale wa geji. Unashuka. Sura ya yule mzee imeanza kunitoka sasa hivi, mshale wa geji naweza kukuchorea. Watafiti wana jina la hiki kitu, wanakiita jeraha la dhamiri, maana yake ulijua nini kinatakiwa kufanyika na ulikuwa na uwezo wa kukifanya ila kitu kingine kikakuzuia, na wewe ndio ulikuwa pale. Hofu haihusiki hapo. Ni aibu, aibu ya kitu ambacho hukukifanya wewe.

Tulirudi kituoni, aliyekuwa zamu ofisini akasema gari lioshwe mapema saa kumi na mbili linatoka. Basi. Hayo ndiyo maneno yote tuliyoambiwa usiku ule.

Kwa hiyo mtu akikuambia kituo chenu hakina shida kwa sababu hamjawahi kupata tukio kubwa, muulize zamu zenu ni za masaa mangapi, vifaa vikiombwa vinakuja lini, na mara ya mwisho nani aliuliza hali yako akasubiri jibu. Na hii ni habari njema kwangu, kwa sababu ajali huwezi kuzizuia zote, lakini mtungi wa oksijeni unaweza kuujaza.

Mi napokea simu tu, sioni damu. Hiyo fomu si yangu.

Ni yako kabisa dada yangu. Wewe ndio unasikia mtoto anakuambia mama haamki, unamwelekeza kukandamiza kifua, unahesabu naye moja mbili tatu, halafu simu inakata. Sisi wa garini angalau tunafika, tunaona mwisho, uwe mzuri uwe mbaya. Wewe unabaki na sauti, na kabla hujavuta pumzi inaita nyingine. Ule mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani niliousema mwanzo, toleo la 2013, unasema wazi kwamba kusikia habari za kutisha tena na tena kwa sababu ya kazi kunahesabika, sio lazima uwe umeona kwa macho. Kitu ambacho wapokea simu wengi wananiambia kingewasaidia ni kidogo sana, kuambiwa tu yule mtu iliishiaje.

Hilo dodoso lina maswali mengi, nijibuje?

Jibu ukweli wa mwezi huu, usijibu vile unavyotaka kuonekana. La kiwewe linalotumika sana linaitwa PCL-5, maswali 20, kila moja unajipa 0 mpaka 4, jumla 80, na mtu akifika kama 31 mpaka 33 kuendelea ndio wanasema huyu aangaliwe zaidi. La sonona ni PHQ-9, maswali tisa, linauliza wiki mbili zilizopita, jumla 27, kuanzia 10 wanaangalia kwa makini. Hayo ni chekecheo tu. Ukipata 35 hujaambiwa wewe ni mgonjwa, umeambiwa kaa na mtaalamu muongee.

Kitu kingine, Kiswahili cha baadhi ya fomu kigumu, kimetafsiriwa mezani. Usipoelewa uliza, usikisie. Na kama mwili ndio unaokusemea, kichwa kinagonga, moyo unaenda mbio, tumbo, mgongo, mwambie mtafiti hivyo hivyo hata kama fomu haina sehemu yake, sisi wengi hatusemi "nina huzuni", tunasema "sijisikii vizuri, kichwa kimejaa".

Bosi ataona majibu yangu?

Hatakiwi kuona. Utafiti wowote wa afya kwa watu hapa Tanzania unatakiwa uwe na kibali cha maadili, cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) au kamati ya chuo husika, Kenya kuna NACOSTI (tume yao ya taifa ya sayansi) na kamati za maadili za taasisi. Kabla ya swali la kwanza lazima upewe fomu ya ridhaa inayosema data inatunzwaje, nani anaiona, na kwamba unaweza kukataa au kuacha katikati bila kuadhibiwa. Jina lako lisiwepo kwenye dodoso, iwe namba.

Sasa hayo ni ya kwenye karatasi, mtaani yanakwenda tofauti. Mara ya kwanza mi kujaza, sehemu niliyokuwa nafanya kazi wakati ule, msimamizi wetu ndiye aliyezigawa na ndiye aliyezikusanya, kakaa mezani anazipokea moja moja anazipanga, na fomu inauliza umri, jinsia na miaka ya kazi. Kituo kina wanawake wawili! Namba gani tena hapo? Wote tuliandika tuko safi. Nina uhakika ile ripoti ilisema kituo chetu kina afya njema ya akili, na nikiwaza hivyo nasikia uchungu mpaka leo, maana kulikuwa na kijana pale hakuwa sawa kabisa na ile karatasi ilikuwa nafasi yake.

Kwa hiyo mkiona msimamizi ndiye anayekusanya, kataeni kwa heshima. Ombeni bahasha ya kufunga, au kujaza kwenye simu yako mwenyewe, au mtafiti akae chumba cha pembeni. Kama kituo ni kidogo muombe asiandike umri kamili, aweke makundi. Mtafiti mzuri atakushukuru, kwa sababu data ya uoga haimsaidii na yeye.

Wakiona niko vibaya watafanya nini? Nitatolewa kazini?

Mtafiti hana mamlaka ya kukutoa kazini. Anachotakiwa ni kuwa na mpango kabla hajaanza, kwamba mtu akionekana ana hali mbaya anaelekezwa wapi, kwa nani, na nani analipa. Hilo muulize waziwazi siku ya kwanza. Akisema hana, mwambie arudi akiwa nao.

Kila baada ya kazi mbaya tunakusanywa kesho yake, kila mtu aeleze alichokiona. Ni lazima?

Huu mtindo ulianzishwa na Jeffrey Mitchell, Mmarekani aliyekuwa mwenyewe zimamoto na mtu wa ambulensi, aliuandika 1983, na nia ilikuwa njema kabisa, aliona wenzake wanaumia kimya kimya. Ukasambaa dunia nzima. Halafu watafiti wakaanza kuupima. Mapitio makubwa ya Cochrane (mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba) mwaka 2002 yakasema kikao kimoja cha kumtaka mtu aeleze tukio lilivyokuwa hakizuii kiwewe, na kwenye utafiti mmoja wa watu walioungua moto, baada ya miezi 13 waliofanyiwa kikao asilimia 26 walikuwa na kiwewe na wasiofanyiwa asilimia 9. Ni kweli wale walikuwa wagonjwa, mmoja mmoja, sio timu ya kazi, na watu wa Mitchell wanalisema hilo na wana hoja. Lakini mpaka leo ushauri wa wengi ni kwamba usimlazimishe mtu.

Kwa hiyo timu kukaa na chai kupitia kazi ilikwendaje, glavu ziliisha saa ngapi, redio ilikwama wapi, hiyo ni nzuri iendelee. Kumwambia mtu "haya sema ulichokiona, sema ulivyojisikia" mbele ya watu kumi na mkuu wake, hapana. Badala yake kuna huduma ya kwanza ya kisaikolojia, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake 2011, unafundishika kwa muda mfupi tu. Unaangalia nani anahitaji nini, unasikiliza anayetaka kuongea, unamuunganisha na watu wake na huduma. Maji, blanketi, simu apige nyumbani, mtu wa kumsindikiza. Hakuna kuchimba.

Basi nini kimeonekana kinasaidia?

Ninachokipenda zaidi ni cha New South Wales Australia, kilichapishwa 2017. Hawakuwagusa askari wa zimamoto wenyewe, waliwachukua wasimamizi wao, 128, wakawagawa kwa bahati nasibu, kundi moja likapewa mafunzo ya masaa manne tu, namna ya kumfuata mtu unayemuona hayuko sawa na kuongea naye, na namna ya kumsaidia akiwa mgonjwa na akirudi kazini. Baada ya miezi sita, kwa waliokuwa chini ya wasimamizi waliofundishwa likizo za ugonjwa zinazotokana na kazi zilishuka asilimia 18. Masaa manne! Ni semina ya asubuhi moja, saa saba mchana mnakula mnatawanyika.

Kwa aliyekwisha kuumwa kuna matibabu ya kuongea yaliyopimwa vizuri, yale ya kubadilisha namna unavyolibeba tukio kichwani, na yanayoitwa EMDR ambayo unakumbuka tukio huku macho yanafuata kidole au taa. Dawa pia zipo na zinasaidia watu. Najua utasema wataalamu wenyewe wako wapi. Moshi na Bungoma kule Kenya kulifanyika utafiti uliochapishwa 2020, watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, na waliowatibu hawakuwa madaktari wala wanasaikolojia, ni watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa, na watoto sehemu nyingi walipata nafuu. Zimbabwe nako bibi wa mtaani wanakaa na watu kwenye benchi, mradi wa Dkt. Dixon Chibanda, jaribio lake lilitoka 2016 na matokeo mazuri. Kama bibi ameweza na watoto wameweza kutibiwa Moshi, sioni kwa nini dereva mstaafu wa ambulensi asifundishwe akae na wenzake.

Nakunywa kidogo ili nilale, kuna ubaya?

Pombe inakulaza lakini inaharibu usingizi wenyewe, unaamka saa tisa usiku na ndoto ziko pale pale, kesho unaongeza moja. Sikuhukumu. Mwambie mtafiti au daktari kiasi halisi.

Mchungaji / shekhe wangu ananitosha, kuna haja ya kaunsela?

Endelea naye, wala visigombane. Kama usingizi haujarudi kwa zaidi ya mwezi ongeza na hospitali, hata malaria unaomba na unakunywa dawa.

Mume wangu ni zimamoto, akirudi haongei. Nimuulize?

Dada, usimuulize kilichotokea, muulize anahitaji nini sasa hivi. Maji ya kuoga, kimya, watoto wasimrukie nusu saa. Wengi tunashindwa kuongea kwa sababu hatutaki kuyaleta yale mambo kwenye nyumba yenye watoto. Ukiona miezi inapita na anazidi kuwa mbali, anza kwa kusema ulichokiona wewe, "naona hulali", ni rahisi kujibu kuliko "una nini?"

Kuna posho?

Wakati mwingine nauli au fidia ya muda, iwe imeandikwa kwenye fomu ya ridhaa. Usiende kwa ajili ya hiyo na usiikatae pia.

Nimeshafikiria kufa. Nikilisema si nitakamatwa?

Ndugu yangu, kufikiria sio kosa mahali popote, na kulisema ni kitu sahihi kabisa ulichofanya leo. Swali la tisa kwenye lile dodoso la sonona linauliza hili hili, maana yake wapo wengi kabla yako walioliweka alama. Kenya mahakama kuu Januari 2025 ilisema hata ile sheria ya kumshtaki aliyejaribu kujiua inakwenda kinyume na katiba. Usikae peke yako usiku wa leo. Mwite mtu mmoja unayemwamini aje mlale naye, kitu chochote unachowaza kujidhuru nacho kitoke nyumbani, na asubuhi au hata sasa hivi nendeni hospitali ya wilaya au ya mkoa mseme wazi, emajensi wanapokea hili kama wanavyopokea kifua. Kenya unaweza kupiga 1199 ya Msalaba Mwekundu bure. Umebeba watu wangapi wewe? Kubali kubebwa mara hii.

Kituo chetu hakina bajeti. Tuanze na nini?

Anzeni kwenye ndoo. Kila mtu wa ambulensi anaijua ile ndoo, maji, Jik, tambara, milango ya nyuma imefunguliwa na mnaosha sakafu kabla gari halijatoka tena. Mimi kila kitu nilichowahi kusema cha maana kuhusu kazi yangu nilikisema nikiwa nimeinama pale na tambara mkononi, kwa sababu humwangalii mtu usoni na mikono ina kazi. Waacheni watu dakika ishirini pale, msiwaharakishe, redio ipokelewe na mwingine. Bosi kama una moyo njoo ushike tambara nawe, usiulize kitu. Na aliyembeba mtoto siku hiyo asiachwe aoshe gari peke yake.